Madoa Mara Mia

Jumapili, 1 Septemba 2024

Nimepona! Roho yangu ilishaokoka siku nyingi, hiyo haina shida. Leo nimepona janga la Jumamosi ijayo.

Niandike kwa mpangilio, maana furaha inanirukisha maneno. Jumamosi mzee Yakobo anakuja kutoka Mwitongo, Butiama, kuona ng'ombe wa mahari. Mwanangu Edwin anamtaka binti yake, Diana. Tulikubaliana ng'ombe sita. Nilikubali haraka, kwa sauti nene, kama mtu mwenye sita. Ninaye mmoja. Anaitwa Madoa. Wale watano nilisema nimewaweka Guta kwa rafiki yangu Luhende. Wenye mali huku hufanya hivyo: rafiki anakuchungia, anakunywa maziwa, ng'ombe wanabaki wako. Ndiyo maana zizi lenye ng'ombe mmoja halimshangazi mtu. Shida ni moja tu. Luhende huyo nilimtunga palepale, kati ya soda na wali.

Na jirani yangu Alfonsi ni mzaliwa wa Guta! Kila tukikutana ananiuliza ni Luhende yupi, maana yeye anawajua wanne, na mwenye ng'ombe kati yao ni mmoja, na huyo ni shemeji yake. Mtu mbaya sana.

Sasa leo kanisani. Mchungaji Ephraim kahubiri habari ya yule kijana tajiri aliyemwendea Yesu. Akaambiwa auze alivyo navyo, awape maskini, kisha amfuate. Kijana akaondoka na huzuni. Hapo nilikuwa nasinzia kidogo. Nikazinduka kwenye neno lenyewe: aliyeacha mali kwa ajili ya Yesu atapokea mara mia. MARA MIA! Tena si mbinguni tu. Sasa, wakati huu!

Madoa mara mia ni ng'ombe mia. Natoa sita, nabaki na tisini na wanne. Yule kijana hakujua hesabu, basi.


Jumatatu, 2 Septemba

Haraka haraka haina baraka. Kwanza jaribio.

Nimechukua yule kuku mzee aliyeacha kutaga tangu Pasaka. Nikamweka kwenye kikapu cha mke wangu Wankyo, nikampelekea Consolata, mjane wa nyuma ya nyumba yetu, anayelea wajukuu watatu. Alishukuru mpaka nikaona aibu kidogo kwa ajili ya kuku.

Saa kumi na moja jioni kikapu kimerudi. Ndani, dagaa wakavu! Wankyo alitaka kuwapika. Nikamzuia kwa mwili wangu. Nikawamwaga kwenye ungo nikahesabu. Mia moja arobaini na watatu! Kuku mmoja, dagaa mia na ziada, kwa siku moja! Nikahesabu tena. Mia moja arobaini na wawili. Paka.

Wankyo akasema chombo cha watu hakirudishwagi kitupu, hata bibi yake aliyekufa bila kuujua msalaba alijua hilo. Akaniuliza kama nimeanza kuumwa. Maskini Wankyo. Anaimba kwaya miaka ishirini na imani hana.


Jumanne, 3 Septemba

NIMETOA!

Nilisubiri Wankyo aende sokoni na nyanya zake. Nikamfungua Madoa. Njiani nikawaza: kuku alikuwa na kikapu, na kikapu ndicho kilichorudi na baraka. Ng'ombe hana kikapu. Ng'ombe ana kamba! Nikamwambia Consolata kwa sauti, majirani wasikie, kwamba Madoa ni wake kabisa, kwa jina la Yesu. Kamba ni yangu. Airudishe akipata nafasi.

Consolata akaniuliza mara mbili kama nina homa. Kisha akaketi chini, pale pale kwenye vumbi, akamshika Madoa mguu. Mimi nilikuwa natazama kamba.

Alfonsi alikuwa anachungulia juu ya ua wa minyaa. Nilimwona anameza mate. Mwache ameze.

Wankyo amerudi, amekuta zizi tupu. Akauliza Jumamosi mkwe atatazama nini. Nikamweleza hesabu yote, kwa utaratibu, kwa mkaa juu ya ubao. Akaingia ndani akafunga mlango. Nimelala jikoni. Mitume walilala pabaya zaidi.


Jumatano, 4 Septemba

Nimekwenda Musoma. Ng'ombe mia bila alama watachanganyika na wa watu, na Alfonsi yupo. Nimemwagiza fundi wa vyuma anichongee chuma cha kuchoma alama, jina langu zima, MUGETA. Nimelipa kwa baiskeli. Yesu alisema uza, nikauza. Utii namna hii sijui kama mchungaji mwenyewe anauweza.

Edwin anafanya kazi gereji hapohapo Musoma, nikampitia. Mikono yake ilikuwa imejaa oili. Akaniuliza polepole kama ng'ombe wapo kweli. Akasema Diana ameshaambiwa na baba yake: Jumamosi pasipo na ng'ombe, hakuna harusi, na neno halitarudiwa. Akasema, baba, kama hawapo niambie tu, nitakwenda kuomba muda, nitafanya kazi mwaka mzima. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akinitazama siku za ada ya shule.

Nikamwambia anunue suti. Nimerudi kwetu Bunda nimekipakata chuma changu kama mtoto.


Alhamisi, 5 Septemba

Kamba imerudi! Mjukuu mkubwa wa Consolata ameileta, imefungiwa mzigo wa majani ya mlenda. Nikahesabu jani kwa jani. Mia tatu na kumi na mawili. Kwa idadi, Mungu amezidisha. Kwa aina, kuna kosa mahali.

Mbio kwa mchungaji. Nikamuuliza mzigo ukichelewa mtu analalamika wapi. Akavua miwani. Akafungua Biblia akanisomea yale mara mia ni ya nini: nyumba, ndugu, dada, mama, watoto, mashamba. Nikamwomba arudie. Akarudia. NG'OMBE HAWAMO! Mama mia wamo! Mama mkwe mmoja tu aliyeko Butiama ananitosha mpaka kiama.

Mchungaji akasema hiyo ni familia, Baba Edwin. Mtu akimfuata Yesu anapata watu, nyumba zote zinakuwa kwake, na yeye anakuwa wa nyumba zote. Akasema Yesu hakutaka mali ya yule kijana, alitaka mkono uachie. Akaniuliza, kwa maoni yangu, kijana yule alipungukiwa nini. Nikajibu: uvumilivu. Akafuta miwani yake mara mbili, nadhani hakutegemea jibu zuri vile.

Wakati natoka nikaona kwenye Biblia iliyo wazi maneno yanayofuata mashamba: pamoja na udhia. Nusura niruke! Udhia nimeshapokea. Anaitwa Alfonsi, anakaa mkono wangu wa kushoto. Kama udhia umefika, vingine vyote viko njiani. Na penye mashamba lazima pawe na ng'ombe, hata mtoto anajua.


Ijumaa, 6 Septemba

Nimepanua zizi. Nguzo arobaini, peke yangu. Mgongo umekufa. Alfonsi alileta kiti chake akakaa kunitazama, akauliza zizi kubwa hivyo ni la hewa? Nikamwambia ni la wale wa Guta pamoja na ndugu zao. Akasema basi kesho atakuwepo, hataki kusimuliwa.

Mpaka jua linazama, ng'ombe hakuna. Mbuzi hakuna. Kunguru mmoja.

Wankyo ameanza kuzungumza nami, jambo lililonitisha zaidi kuliko alipokuwa kimya. Akasema, Baba Edwin, mpigie mkwe simu leo, mwambie ukweli, atatuheshimu. Akasema si ng'ombe anaowalilia, ni uso wa Edwin. Nilishika simu. Kweli niliishika. Kisha nikawaza: je, kama wako barabarani sasa hivi, wameshaingia mtaani kwetu Nyasura, na mimi natangaza hawapo? Nikaiweka chini. Nimeomba sana. Sikumtajia Mungu rangi, namwachia.


Jumamosi, 7 Septemba

Siku gani hii! Niandike kabla sijasahau hata nukta.

Saa nne wakafika: mzee Yakobo na wazee wenzake wawili. Mchungaji Ephraim alikuja kama shahidi. Edwin kwenye suti, imembana kwapani. Alfonsi na kiti chake. Wakwe wakasimama kwenye zizi langu jipya wakatazama ndani. Nafasi ilikuwa nyingi sana. Mzee Yakobo akaokota chuma cha alama, akasoma jina langu, akauliza nachoma nini. Nikasema kila kitu kina wakati wake. Jasho lilikuwa limefika kwenye soksi.

Edwin akanitazama. Halafu akatazama chini, na sikutaka kuendelea kumwona.

Hapo ndipo tukasikia kwato. Nikafumba macho nihesabu vizuri. Nikasikia nne tu. Nikafumbua: Consolata! Anamvuta Madoa kwa kamba ya katani, amemwosha anang'aa, wajukuu watatu nyuma wamenyooka kama kwaya. Akawasalimia wazee, akapiga goti. Akasema wajukuu zake hawakunywaga maziwa tangu mama yao afariki, na siku nne hizi wamekunywa asubuhi na jioni. Akasema zawadi hairudishwi, na yeye harudishi. Madoa ni wake, naye anamtoa kwa moyo wake, ampe Edwin akaoe, maana nyumba hii ilimpa alipokuwa hana kitu.

Wankyo akalia. Edwin akaenda kumshika Consolata mikono, akamwita mama. Mimi nikageuka nikaanza kukagua nguzo za zizi, moja moja. Nadhani kuna iliyolegea.

Mzee Yakobo akasema neno. Akasema alikuja kuhesabu ng'ombe, na ameshahesabu: huyu mmoja anatosha. Tena hampeleki Mwitongo. Anamweka hapahapa kwa Consolata, amchungie, wajukuu wanywe maziwa, kama rafiki anavyomwekea rafiki. Diana ni wa Edwin! Vigelegele!

Kisha akanigeukia. Akasema jana alilala Guta kwa dada yake. Guta! Akasema alizunguka sana huko akimtafuta Luhende, amsalimie. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi, machozi yakatoka, wazee wake wakacheka, Alfonsi akapaliwa na soda. Sikuuliza kinachochekesha ni nini, mkwe hahojiwi. Alipotulia akanishika bega. Akasema, mkwe wangu, wale watano wa Guta usiniletee. Wape maskini.

Jamani! Nilipiga kelele palepale: NIMEWATOA! Wote watano! Kwa jina la Yesu! Akina mama wa Nyasura wakapiga vigelegele mara ya pili. Mchungaji Ephraim akanivuta pembeni, akauliza kwa upole kama kuna jambo ningependa kumwambia leo. Nikasema lipo. Nikamuuliza kama zile mara mia zinafanya kazi hata kwa mali ambayo bado haijaonekana kwa macho. Akashika kichwa. Alikuwa amesimama juani muda mrefu.


Jumapili, 8 Septemba

Ibada tamu. Mchungaji kamtangaza Consolata mbele ya kanisa zima, tukasimama tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Wajukuu wake wana midomo myeupe kwa maziwa. Edwin amekula chakula cha mchana kwa Consolata, na jioni tumekula sote kwetu, watu kumi na mmoja, Wankyo anacheka. Hata Alfonsi alikaribishwa. Alileta kiti chake. Nyumba imejaa mpaka hapana pa kuweka mguu.

Baada ya kula Wankyo akasema mara mia yangu ndiyo hii, nifungue macho, kisha nimweleze mwanangu ukweli wa Guta kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimekubali. Nitamweleza. Nangoja tu ng'ombe waanze kufika.

Maana leo mchungaji amesema neno kubwa, kwamba imani ni uhakika wa mambo yasiyoonekana. Sikusinzia hata kidogo! Sasa nijipime mwenyewe bila majivuno. Madoa alionekana na kila mtu, ana mkia, ana pembe. Kumtoa yule hakukuhitaji imani, ndiyo maana nilipata mlenda. Lakini ng'ombe watano wa Guta hakuna binadamu aliyewahi kuwaona, hata mimi, na nimewatoa wote, mbele ya mashahidi. Bunda nzima hakuna sadaka ya imani kama hiyo.

Watano mara mia ni mia tano.

Kesho saa mbili maskini wa Nyasura wanakuja na kamba zao, niwapeleke Guta kuchukua ng'ombe wao. Itabidi wanisubiri. Zizi hili linatosha mia tu, na nguzo za kulipanua zimebaki tatu.