Fahali wa Upepo

Jumatatu, 1 Julai

Siku sita hadi Sabasaba. Mashindano ya ngoma, hapa kwetu Nkololo! Sisi upande huu wa uwanja, kundi la Januarius upande ule, tunacheza kwa wakati mmoja. Filimbi ya mwisho ikilia, mwenye watu wengi upande wake ndiye mshindi. Mwaka jana tulishindwa. Mwaka juzi pia. Leo kundi langu limekaa kikao bila kunialika, likaamua nikishindwa tena umanju wangu, yaani uongozi wa ngoma na nyimbo, anachukua Salu, mdogo wa mke wangu Milembe. Salu! Anaimba kama ndama aliyenaswa kwenye waya! Lakini nina mpango. Mipira sita ya ndani ya tairi za lori, nimeiunga na kuishonea ngozi juu. Fahali! Mkubwa kuliko trekta! Nione nani atabaki kwa Januarius.

Jumatano, 3 Julai

Jana saa nane mchana fundi pancha alimjaza upepo, jua likiwaka. Akasimama imara, kifua mbele. Leo alfajiri nimemkuta amepiga magoti! Tumbo limenywea, pembe zimelala. Nani kama si Januarius? Nimekwenda kwake, hata salamu ya mwangaluka sikumpa. Ameapa hajui lolote, kisha akauliza fahali gani. Basi sasa anajua.

Saa tano, jua limepanda, fahali akasimama mwenyewe bila kuguswa. Nimemwambia Milembe kwamba Januarius ameogopa, akatengua uchawi wake.

Alhamisi, 4 Julai

Jirani yetu Generoza, mwalimu wa fizikia, amejileta bila kuitwa. Eti hakuna uchawi. Eti upepo ukipoa unasinyaa, ukipata joto unatanuka, na ukikosa pa kutanukia unaisukuma ngozi kwa nguvu mpaka... Hapo nilimkatiza. Nikamwambia nimeelewa: baridi inamkondesha, kwa hiyo Jumapili nitamjaza kupita kiasi alfajiri. Akashika kichwa, akaondoka. Walimu wanachoka haraka siku hizi.

Jumapili, 7 Julai

Alfajiri, baridi ya kukata masikio. Fundi amejaza mpaka ngozi inalia ukiigonga. Akasema basi. Nikasema bado. Milembe akaniomba niache nafasi kidogo. Nikamwambia anamtetea mdogo wake. Alikasirika, na ana haki.

Saa saba mchana. Mayu wee, jua lile! Fahali akaanza kunenepa mbele za watu! Miguu ikanyooka, macho ya vifuniko vya sufuria yakatoka nje, mkia ukasimama! Uwanja mzima ukahamia kwetu. Kwa Januarius walibaki mpiga ngoma mmoja na mbuzi. Hata Salu alinipigia makofi. Nilitaka kulia kwa furaha, miaka mitatu nimeingoja siku hii.

Zilibaki dakika mbili. Ningetulia tu. Lakini nikaona nimalizie kazi, nikampanda mgongoni niimbe nikiwa juu.

Mlio wa kupasuka kwake, wanasema, umesikika hadi Shishiyu. Mimi nilitua kwenye magunia ya pamba, nikiwa na pembe moja mkononi. Watu walitimua mbio, wakakimbilia upande mmoja tu uliokuwa salama: kwa Januarius. Wakasimama hapo wote, mikono kichwani. Filimbi ikalia.

Jumatatu, 8 Julai

Salu ndiye manju. Alikuja kwa adabu kuniambia naruhusiwa kubeba ngoma. Nimelia, sifichi. Milembe amenikanda mgongo kwa maji ya moto, hakunisimanga hata neno moja, na hilo limeniuma kuliko mgongo.

Nimefikiri kutwa nzima. Kosa liko wapi? Generoza alisema mwenyewe: joto! Kumbe kompresa ya fundi ilinipa upepo wa moto! Dawa ni upepo baridi. Tena upepo baridi umesinyaa, kwa hiyo utaingia mwingi zaidi. Fahali mpya atakuwa mnene mara mbili, na umanju wangu utarudi!

Nimeshazungumza na muuza soda mwenye friji kubwa. Nimeipima friji. Fahali mzima haingii, ila kichwa kinaingia. Tutaanza na kichwa.