Uso wa Kisogoni

Jumatatu, tarehe 6 Julai

Nyati ameingia njia ya msituni! Ndiyo njia ya wanawake wanaokwenda kitaluni kumwagilia miche, na mke wangu ni mmoja wao. Leo karudi nguo imechanika, pumzi juu juu. Nikamuuliza kama amemwona kwa macho. Akasema hapana, amemwona kwa masikio, na hiyo imemtosha.

Msimamizi wa kitalu anatafuta mzee wa kuwaongoza kila asubuhi. Atapewa buti na filimbi. Nilishanyoosha mkono, mara nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Afande! Askari wa wanyamapori mstaafu, kifua mbele, tumbo mbele zaidi. Bwana huyu alimposa mke wangu miaka arobaini na mbili iliyopita, akakataliwa, na mpaka leo anamsalimia kwa kuvua kofia. Atembee naye msituni kila siku? Labda niwe nimeshazikwa. Na hata hapo nitagonga kutoka ndani.

Msimamizi kaamua: Jumatano aongoze Afande, Alhamisi mimi, halafu wanawake wenyewe waseme wanamtaka nani.

Jumanne, tarehe 7

Nina wazo! Nilisikia zamani kwamba mnyama mkali hamvamii mtu anayemtazama usoni. Basi mwenye nyuso mbili nani atamvamia? Nimempelekea mpwa wangu, mchora vibao vya maduka, kofia yangu pana, achore uso upande wa kisogoni. Nikamwambia uwe wa kutisha. Lakini tangu azaliwe anajua kuchora uso mmoja tu, ule wa kijana wa kwenye kibao cha kinyozi. Nywele zimepangwa, meno thelathini na mawili yote nje. Nilipolalamika akasema, Mjomba, nyati hajawahi kwenda kwa kinyozi, atajuaje? Nikaichukua hivyo hivyo.

Mke wangu aliniangalia kwa nyuma muda mrefu. Akasema kumbe miaka yote hii alikuwa anaangalia upande mbaya.

Jumatano, tarehe 8

Zamu ya Afande. Wamekwenda, wamerudi, hata mwiba haukumchoma mtu. Inakera. Muda wote wa chakula mke wangu ananimwagia masomo ya Afande. Twende pamoja. Tuongee kwa sauti ili mnyama atusikie mapema, atupishe. Tukimwona tusikimbie, turudi nyuma polepole, tutafute mti mnene wa kujikinga. Nikamwambia hayo hata mimi nayajua. Akauliza mbona sijawahi kuyasema. Nikasema mboga imezidi chumvi.

Nimeamua. Afande alichofanya, mimi kinyume chake. Yeye kelele, mimi kimya.

Alhamisi, tarehe 9

Naandika nimelala kifudifudi. Miiba.

Tulitoka saa moja asubuhi, mimi mbele, wanawake kumi na wawili nyuma. Shida ya kwanza: kila mmoja anataka kutembea karibu na yule kijana wa kisogoni. Mmoja akamuuliza kama ana mke. Mwingine akamwita mkwe. Nikaamuru kimya! Hata kukohoa marufuku, kiongozi anasikiliza msitu. Mke wangu akasema Afande aliwaambia waongee. Nikasema Afande hayupo hapa. Kumbe yupo! Anatufuata kwa kunyemelea, ashuhudie aibu yangu.

Tukanyata. Tulinyata vizuri mno. Kwenye kona tukamkuta nyati amelala, na kwa kuwa hakuna aliyempa taarifa, akashtuka kuliko sisi. Akasimama. Hatua kumi na tano hivi. Pua imelowa, pembe pana kuliko mlango wangu. Nikageuka taratibu, nikamwonyesha kijana. Nikamsikia nyati anapuliza pua. Nikamsikia anakwangua ardhi. Mguu niponye!

Nilipofika kwenye mti, Afande ameshafika. Mgunga mmoja, wazee wawili, tawi zuri moja. Nikamuuliza si alisema tusikimbie? Akasema yeye hakukimbia, alitafuta mti haraka, na tena niondoe goti langu sikioni mwake.

Kofia iliniponyoka njiani. Nyati akamkanyaga kijana mpaka meno yakaisha. Pembeni tu, mke wangu amenyoosha mikono mbele ya wenzake, anawaambia kwa sauti ya kubembelezea mtoto: msikimbie, macho mbele, nyuma, nyuma, polepole. Mpaka wote wakawa nyuma ya shina kubwa. Nyati akatazama, akaona hakuna wa kugombana naye, akaenda zake.

Kuna jambo sitamwambia mtu. Mke wangu alipokuwa amesimama pale, mikono mitupu, miguu yangu ilitaka kushuka. Kweli ilitaka. Ila haikushuka.

Akaja chini ya mti akasema haya, viongozi, shukeni twende kazini, miche ina kiu.

Ijumaa, tarehe 10

Wanawake wamesema. Buti na filimbi kapewa mke wangu. Afande kapewa pole. Mimi nimepewa kibano cha kutolea miiba, na mahali pengine mkono wangu haufiki.

Lakini nimefikiri. Afande hatamwongoza mke wangu. Kwa hiyo nimeshinda.

Jumapili, tarehe 12

Mamba ameonekana mtoni wanakochota maji ya miche! Mke wangu kapiga marufuku: hakuna kusogelea ukingo, maji yatatoka kisimani hata kama ni mbali. Afande, aliyekuja kusalimia tu, kofia mkononi, akasema ni uamuzi wa mtu mwenye akili. Wakatikisa vichwa pamoja! Nyumbani kwangu! Juu ya viti vyangu!

Hawa watu hawajui kitu. Mamba nguvu zake zote ni za kufumba mdomo. Za kufumbua hana. Ukishamfunga, kwisha kazi. Nimekata mpira wa ndani wa baiskeli ya mpwa wangu, nimeujaribu kwenye ndoo, unabana kweli kweli. Kesho mapema, kabla wanawake hawajatoka, nitakuwa ukingoni. Mke wangu ataona mwanamume ni nani.

Kimebaki kitu kidogo tu, nitakipanga hukohuko: namna ya kumfanya aufumbe mdomo kwanza.