Siku Nilipomwacha Joe Louis

Jumatatu, 31 Oktoba 1994. Homa Bay.
Habari tukufu! Noordin ametangaza hotelini mwake kwamba wapenzi wa ngumi wa Migori wametualika tujadiliane nao Sikukuu ya Jamhuri. Hoja: bingwa wa zamani wa uzito wa juu angemshinda bingwa wa leo. Homa Bay itampeleka msemaji mmoja, atakayechaguliwa kwa makofi Jumamosi, na Migori watachukua upande utakaobaki.

Msemaji huyo sharti niwe mimi, Mwalimu Nyamweya. Baba mkwe anakaa Migori. Tangu harusi hutangaza kwamba binti yake aliolewa na mdomo mtupu. Ausikie basi mdomo huo ukishangiliwa!

Kikwazo ni kimoja: Monicah, Mama Austine, muuza samaki. Yeye ni wa Ali. Mimi ni wa Joe Louis, aliyeshika taji karibu miaka kumi na miwili. Nikiifikiria ile ngumi yake ya kushoto, fupi, isiyopoteza hata pumzi, natamani kusimama wima.

Jumatano, 2 Novemba.
Mpango wa kwanza. Nilisogeza meza za Noordin zikawa ulingo mwembamba. Nikaeleza kwa utulivu kwamba mahali kama hapa Ali angekosa nafasi ya kuchezesha miguu, na Louis angemfikia. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Nilikuwa fasaha mno.

Monicah aliinuka. Alijitwika sinia lake la mbuta wa kukaanga, akaingia ulingoni, akaniambia niwe Louis. Nimguse bega tu.

Nilimfuata. Hakuwepo. Nikageuka. Hayupo! Alizunguka meza zile kama maji, shingo imenyooka, huku akiniuliza kama Louis amechoka au anatafuta kiti. Niliruka mara ya mwisho, nikatua ndani ya sufuria ya uji. Hakuna samaki hata mmoja aliyeanguka.

Nikiwa bado ndani ya uji nilikiri moyoni: hivyo ndivyo Ali alivyokuwa. Mwanamke wa ajabu! Sikumwambia.

Ijumaa, 4 Novemba.
Nimetafakari. Upande wa zamani una wasemaji wawili, mmoja wao akiwa Monicah. Upande wa leo hauna mtu. Kesho usiku huko Marekani, Michael Moorer, bingwa kijana asiyewahi kushindwa, atapigana na George Foreman, mzee wa miaka arobaini na mitano. Foreman huyo huyo aliyeangushwa na Ali kule Kinshasa miaka ishirini iliyopita! Mzee atalala mapema.

Nimehama. Louis atanielewa. Gesare, mke wangu, aliuliza kama Louis angenihama mimi. Wanawake huchanganya mambo.

Jumamosi, 5 Novemba.
Hoteli ilijaa hadi mlangoni. Desturi ya hapa ni pakruok: kabla ya kusema neno la maana, unajisifu kwa jina la kujitungia, na jina hilo ukishalitamka mbele ya watu, unalo.

Monicah alisimama. Akasema yeye ndiye Binti wa Rusinga, ambaye mbuta humngoja ufukweni wakiwa wamejipanga. Vigelegele! Kisha akamsifu Ali kwa namna iliyonifanya nipige makofi kabla ya kujizuia.

Zamu yangu. Nilinyoosha koti. Mabibi na mabwana, nikasema, mimi ndimi Mkono wa Kushoto, mfano wa Moorer, nisiyejua sakafu ina rangi gani. Nikajenga hoja: mwili wa leo hulishwa vyema, hufunzwa vyema, wakati haurudi nyuma. Noordin alisahau chai jikoni ikafurika.

Makofi yakalingana! Hapo akili yangu ikang'aa. Nikapendekeza mabondia wenyewe watuamulie: Moorer akishinda, naenda mimi; Foreman akishinda, anaenda Mama Austine. Monicah alikubali upesi kuliko nilivyotarajia.

Jumapili, 6 Novemba.
Redio, mchana. Kijana aliongoza raundi tisa. Katika ya kumi mzee alituma konde la kulia, fupi, lisilopoteza hata pumzi. Moorer akaona rangi ya sakafu.

Sauti kutoka karibu na jiko ikaniita: “Kushoto! Amka bwana, refa anahesabu!”

Ikasemekana Foreman alipiga magoti kwenye kona yake akasali. Miaka ishirini ya kusubiri! Machozi yalinitoka. Nilisema ni moshi wa kuni. Monicah alinipa kipande cha mbuta, bure, akaniambia Mwalimu nile, Louis hana kinyongo.

Jumatano, 9 Novemba.
Nimepata ufumbuzi! Homa Bay inatetea zamani, kwa hiyo Migori wamebaki na leo, nao hawana msemaji. Nimempelekea habari shemeji yangu Masese huko Migori: msemaji yupo. Nitasimama upande wa Migori, mbele ya baba mkwe, dhidi ya Monicah. Mzee hawezi kumwangusha kijana mara mbili.

Gesare akauliza kuhusu lile jina. Nikamfafanulia kwamba Migori ni mbali, jina haliwezi kufika.

Jioni nilipita stendi kuulizia gari. Utingo wa Migori, ambaye sijawahi kumwona maishani, aliniita akiwa mbali: “Mkono wa Kushoto! Safari hii unakwenda kuanguka wapi?”

Kumbe najulikana hadi huko. Dalili njema kabisa.