Sufuria Tatu na Mlango wa Maabara

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, waheshimiwa wajumbe wa Baraza, mtukufu Mwenyekiti wa Kamati ya Manunuzi, ambaye pia ni shemeji yangu, wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi, makaimu wakurugenzi wasaidizi na wale wanaowakaimu, wahadhiri waandamizi na wengineo, ndugu yangu wa vipaza sauti, wazazi, na ninyi vijana wa mwaka wa tatu mnaosomea mbinu tumizi za bayolojia ya molekuli, mliosimama juani kwa kuwa viti ni vya wageni, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, naagiza ihesabike kuwa imezingatiwa. (Makofi kutoka safu ya mbele.)

Mimi, kama Mkurugenzi wa Miundombinu ya Kisayansi, nimesimama hapa, mbele ya mlango huu wa bluu wenye utepe, nikiwa na furaha isiyo kifani, kuizindua rasmi Maabara ya Kisasa ya Vinasaba, ambayo ni zao la mchakato shirikishi wa miaka sita, uliohusisha upembuzi yakinifu, upembuzi wa ule upembuzi, semina elekezi kumi na nne, na ziara moja ya mafunzo ambayo niliifanya mimi mwenyewe kwa niaba yenu, nikachoka kwa niaba yenu, na nikarudi na picha. (Makofi. Mtu mmoja nyuma anauliza picha ziko wapi. Ananyamazishwa.)

Takwimu hazidanganyi, ndugu zangu. Utekelezaji umefikia asilimia mia moja na tatu. Wanufaika wa moja kwa moja ni asilimia themanini, wa mzunguko ni asilimia sitini, na waliobaki tutawafikia awamu ya pili.

Sasa niingie kwenye sayansi yenyewe, maana watu husema sisi wa utawala hatuielewi. DNA, kwa lugha nyepesi, ni kile kitu kidogo kilichomo ndani yetu sote, isipokuwa wajumbe wa Kamati ya Bajeti. (Kicheko kirefu cha shemeji.) Ili uisome, sharti kwanza uirudufishe iwe nyingi, na mashine inayorudufisha, kwa kuipasha moto na kuipoza tena na tena, inaitwa PCR. Kamati ilipoelezwa kwamba kazi ya mashine hiyo ni kurudufisha, ikafanya uamuzi wa kijasiri kwamba hakuna haja ya kuagiza mashine nyingi. Baadaye ikatafakari kwa kina zaidi, ikaona kwamba hata ile moja ni israfu.

(Minong'ono. Mhadhiri wa somo anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena, anaivua.)

Lakini ndugu zangu, furaha yangu ina doa. Nimeletewa taarifa ya kusikitisha sana. Eti vijana hawa, kwa muhula mzima, wamekuwa wakienda jikoni kantini, wanapanga sufuria tatu za maji, moja ikikaribia kuchemka, moja vuguvugu, moja katikati, kisha wanahamisha vijichupa vyao kutoka sufuria hii kwenda ile, mara thelathini, mmoja ameshika kipimajoto, mwingine anatazama saa, na mpishi wa kantini, mama mtu mzima, anapunguza moto na kuongeza akiambiwa. Eti ndiyo PCR hiyo! Na kinachoniuma zaidi ni kwamba wanapata majibu. Majibu sahihi, waheshimiwa! Kwa sufuria! Mgeni akituona tutaiweka wapi sura yetu?

(Kutoka juani, sauti ya mpishi, ambaye bado amevaa aproni: "Mheshimiwa, binti yangu ni mmoja wao. Mtihani wa vitendo ni Jumatatu, msahihishaji anatoka nje, na asiyeirudufisha DNA kwa mikono yake anarudia mwaka. Sasa atafanyia wapi?")

Swali zuri sana, mama yangu, na nakupongeza kwa kuuliza. Jibu ni hili: kuanzia saa hii, kwa mamlaka niliyopewa, sufuria ni marufuku kwa shughuli za kitaaluma. Zimefutwa. Mwanao atafanya mtihani wake humu ndani, penye hadhi. (Safu ya mbele inapiga makofi. Binti wa mpishi anamuuliza Mkurugenzi kwa upole kama wanaweza kuingia waone.)

Hapana, binti yangu. Maabara ni mahali nyeti. Mkiingia mtaingiza vumbi. Na nikueleze jambo ambalo halimo kwenye vitabu vyenu: kwa kuwa DNA haionekani kwa macho, wataalamu wetu walishauri kwamba na maabara yake ijengwe kwa viwango hivyohivyo.

(Mpishi anamtazama mwanawe, kisha anasema, bila kupaza sauti: "Twende mwanangu. Maji nimeshabandika." Mhadhiri anainuka kwenye kiti chake, anamshika mkono binti, wanaondoka. Darasa zima linafuata.)

Naona vijana wameshindwa kusubiri, wanawahi mazoezi. Huo ndio moyo! Ingawa mmekosea njia, kantini ni huko. Rudini. Nimesema ni marufuku. (Hakuna anayerudi. Fundi wa vipaza sauti anawatazama, anaweka waya chini, anawafuata.)

Haidhuru, nasikika bila kipaza sauti. Nikisema "Vinasaba," mnajibu "Juu!" Vinasaba! (Shemeji: "Juu.") Miundombinu! (Shemeji: "Juu.") Sufuria! (Shemeji: "Juu." Anafikiri. "Samahani, chini.") Sasa naukata utepe. (Anaukata. Anashika kitasa, anavuta. Mkono unateleza.)

Kabla sijaketi, sitakuwa muungwana nisipomshukuru kipekee fundi rangi, kijana msikivu, aliyeuchora mlango huu kwa siku mbili tu, bawaba zake, tundu lake la ufunguo na kitasa kinachong'aa hivi, mpaka mimi niliyemwagiza nimekishika mbele yenu. Aliniuliza nyuma yake kuna nini, nikamwambia chora tu. Nyuma yake, waheshimiwa, ni ukuta wa kantini, na ukiweka sikio hapa unasikia mtu anahesabu: moja, mbili, tatu. Asanteni kwa kunisikiliza. Na kama kuna mwenye kitambaa, rangi haijakauka.