Nyota ya Ranganath

Jumatatu, 8 Julai
Kamera ya darubini yetu imetimiza mwaka angani. Ijumaa mmoja wetu ataieleza kamati inayotusimamia jinsi kamera inavyofanya kazi. Nataka niwe mimi! Mama Vasundhara, mkuu wetu, anaelekea kumchagua mwenzangu Gurudutt, eti ni makini. Makini! Hupima doa moja la picha kutwa nzima, kahawa ikipoa. Mpango: nigundue nyota mpya kwa kamera hiyo hiyo. Nani atamnyima mgunduzi jukwaa?

Jumanne, 9 Julai
Nimeipata! Nukta nyeupe, haimo kwenye ramani yoyote. Nimempigia simu mama yangu mzazi. Amelia kwa furaha, kisha akauliza kama nyota huleta mke. Gurudutt sijamwambia, asije akaanza kupimapima.

Jumatano, 10 Julai
Mwenye heri hulisha ofisi. Nimegawa Mysore pak, halua ya dengu inayonukia samli, nikipita meza kwa meza kama baba aliyepata pacha. Gurudutt alikula vipande vitatu, akalamba vidole, ndipo akauliza nyota iko picha ipi. Nikamwonyesha kwa maringo. Akacheka hadi akapaliwa. Kumbe ni picha ya giza! Ile tunayopiga kifuniko cha kamera kikiwa kimefungwa, tuone madoa ya kamera yenyewe. "Ranga kaka, hiyo nyota umeiona umefumba macho!" Bengaluru nzima ilisikia kicheko. Na Mysore pak hairudishwi.

Alhamisi, 11 Julai
Mama Vasundhara kaniita. Hakugomba. Alisema doa langu halikuwapo mwezi jana. Kamera imeanza kuchoka kona ile, na kamati lazima ijue. Mwanangu, akasema, umegundua kitu, ila si ulichodhani. Kesho nitasimama na Gurudutt: yeye aeleze, mimi nionyeshe doa. Nilikaribia kulia.

Ijumaa, 12 Julai
Makofi! Kamati imefurahi kujua mapema. Kona ile itaepukwa na kamera itafanya kazi miaka mingine. Gurudutt kanikumbatia, akanisihi nikague kifuniko kabla ya kutangaza lolote tena. Nimeahidi, na mimi ni mtu wa ahadi. Jioni nikafungua picha mpya. Mungu wangu! Doa kubwa, tena lina mkia. Nyotamkia! Nikakagua kama nilivyoahidi. Kifuniko kilikuwa kimefungwa kabisa. Fikiria basi ukali wa mwanga wake, mpaka umepenya chuma! Gazeti nimeshalipigia simu.