Habari za Ndizeye wa Kirushya na Mahari ya Kifuani

Sogeeni, enyi wakulima na wachuuzi, enyi akina mama mnaopepeta maharage, nanyi wazee mliokwisha kumaliza kesi za leo. Wekeni chini majembe, funikeni vyungu, mfungeni vizuri mbuzi huyo asije akatukatiza, kwa maana yatakayosimuliwa hapa si maneno ya kupitishia muda. Ni habari za shujaa aliyetoka Kirushya, nchi ya migomba, akavuka mabonde hadi Bukiriro kumkabili mwenye mali uso kwa uso, bila mkuki wala ngao, akitafuta matairi mawili ya baiskeli. Nawe wino, nakusihi, usinikaukie kabla hajayapata.

Jina lake Ndizeye mwana wa Minani. Ndizeye Mshusha Mikungu, Ndizeye Mla Vilima, Ndizeye ambaye breki zake ni nyayo zake. Kila siku ya soko alipakia mikungu sita ya ndizi juu ya baiskeli yake ya chuma, akauingia mteremko kama mtu aliyeitiwa msiba, huku soli za makatambuga yake zikinuka moshi na kuku wa vijiji vitatu wakikimbilia vichakani. Mteremkoni hakuwa na wa kumpita, na mlimani waliompita walikuwa wa kuhesabika. Hayo ndiyo majina aliyostahili. Watu, hata hivyo, walimwita Pancha.

Walimwita hivyo kwa sababu ya yaliyompata mwaka uliotangulia katika mashindano ya baiskeli ya Biharamulo. Alikuwa anaongoza. Vijana wenye mapaja ya mawe waliotoka upande wa Kahama walikuwa nyuma yake wakikohoa vumbi lake, ndipo tairi la nyuma likapasuka kwa kishindo kilichowaamsha mbwa wa mjini. Ndizeye hakukubali kupakiwa kwenye gari la wasimamizi. Aliisukuma baiskeli hadi mwisho, akafika wakati watu wanakunja turubai, na habari zikamtangulia kufika nyumbani. Tangu hapo akawa Pancha kisimani, Pancha sokoni, Pancha hata kanisani akiwa na kikapu cha sadaka mkononi. Alicheka pamoja na waliomcheka, lakini lilimuuma kila mara, na halikuzoeleka.

Sasa mashindano ya mwaka huu yalikuwa yamebakiza siku kumi, na tairi lilikuwa lile lile. Lilishonwa kwa waya, likawekewa ndani kipande cha tairi jingine, na kipande hicho nacho kilikuwa na kiraka. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na Ndizeye alimwosha maiti huyu kila Jumapili baada ya misa.

Akafunga safari ya vita mara mbili. Vita vya kwanza alivipigana mjini Ngara, kwa muuza vipuri, ambako alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo mzee, naomba unisaidie," akaondoka na kalenda ya mwaka uliopita. Vita vya pili alivipigana kwa muuza mbao, akatoka huko na "Mungu akutangulie" na glasi ya maji. Ndipo alipomwendea Mwalimu Projestus wa shule ya msingi, mtu aliyesoma magazeti hata yale yaliyofungiwa sukari.

"Ndizeye," akanena Mwalimu, akiivua miwani kwa uzito wa mtu anayetangaza matokeo, "wewe unaomba kama mwenye bakuli. Mdhamini si padri, wala si mjomba wako. Usimwambie shida yako, maana shida anazo za kwake. Mwambie atapata nini. Fulana yako ni ubao wa matangazo wenye miguu. Mpe mahali kifuani aandike jina la biashara yake, mpe mahali mgongoni, kisha ndipo utaje tairi. Na uende mwenyewe, ana kwa ana. Usitume mtu."

Maneno hayo yalimwingia Ndizeye. Akanunua karatasi yenye mistari, akaketi chini ya dirisha akaandika, na barua yake, ambayo wazee wa Bukiriro wanaikariri mpaka leo, ilisema hivi:

"Kwako Mama Verediana mwenye mashine ya kusaga. Mimi Ndizeye wa Kirushya nimekuchagua wewe. Sikuja kuomba, nimekuja kutoa. Ukinipa tairi mbiri, mimi nitakupa mahari kubwa kifuani na nyingine mgongoni. Watu wote wa Biharamuro wataona. Naomba siku ya kuonana. Wako mtiifu."

Ni lazima isemwe, kwa ajili ya wageni, kwamba katika nchi ile herufi *l* na herufi *r* ni mapacha wanaovaliana nguo, na hakuna mama anayeona haja ya kuwagombeza. Ndizeye alikusudia mahali. Aliandika mahari. Na Mama Verediana aliyeandikiwa alikuwa mjane wa miaka sitini na minne.

Mjane huyo, Verediana Bibi-wa-Vinu, Verediana Mpima-Debe-Asiyepunjika, aliletwa Bukiriro akiwa mwali kutoka Biharamulo, na kabla ya hapo alifundishwa na masista, ambao waliwatenganisha mapacha wale ulimini mwake kwa rula. Aliisoma barua mara tatu. Kisha akamwita shemeji yake, Mzee Nyandwi, ndugu wa marehemu mumewe na mkuu wa ukoo, naye Mzee Nyandwi akaifasiri mstari kwa mstari. Kifuani, alisema, maana yake ni mapenzi. Mgongoni ni majembe ya mahari, kwamba kijana atayabeba mwenyewe. Tairi mbili hakuzielewa, ila alihisi ni mambo ya kisasa. Basi jibu likapelekwa Kirushya kupitia kwa jirani, Secilia, nalo lilikuwa fupi: aje Jumatano saa nne, na avae vizuri.

Ndizeye alipolipokea alifurahi hata akashindwa kumaliza ugali. Jumatano ikafika, naye akajivika silaha. Ndani alivaa fulana nyeupe, ambayo kifuani aliichora kwa mkaa mraba mkubwa, kuonyesha mdhamini atakapokaa. Juu akavaa shati la harusi ya kaka yake, akalifunga vifungo vyote hadi kidevuni. Akapanda baiskeli, akaomba tairi limvumilie, nalo likamvumilia.

Alikuta viti vimepangwa. Mzee Nyandwi ameketi katikati na fimbo yake, Secilia pembeni na kitenge kipya, chungu cha pombe ya ndizi kimefunikwa kwa jani la mgomba, na Mama Verediana mwenyewe juu ya gunia la mahindi, mikono kifuani, unga kwenye nyusi. Ndizeye akasema moyoni, kumbe wadhamini hupokea watu kwa heshima namna hii.

"Shikamoo Mama. Shikamooni wazee."

"Marahaba," akajibu Mzee Nyandwi peke yake. Secilia akamnong'oneza mwenye mashine, "Anaposa huku anatoa shikamoo."

Mzee Nyandwi akasimama. "Kijana! Katika ukoo huu tumepokea wageni wa kira namna, na wengine warikuja na mvua. Rakini hatujaona mtu akijireta mwenyewe kwa jambo zito kama hiri. Mshenga wako yuko wapi?"

"Mzee wangu, nirishauriwa na Mwarimu Projestus. Arisema nije mwenyewe ana kwa ana, nisitume mtu."

"Mwarimu!" Mzee alitikisa kichwa kwa masikitiko juu ya elimu ya siku hizi. "Na huyu mama umri wake unaujua?"

"Naujua. Nirichotazama ni mashine."

Secilia akafanya ishara ya msalaba. Ndizeye, akiona wanamsikiliza kwa makini hivyo, akaongeza kwa unyofu, "Tena siyo wa kwanza. Nirianza na wengine wawiri, wakanikataa. Mmoja arinipa karenda."

"Na hiyo mahari," Mzee Nyandwi akauliza, "utaitoa rini?"

"Jumamosi, Biharamuro, mbere ya watu wote."

"Itakuwa ya namna gani?"

"Ni ya siku moja tu, mzee. Tukiridhishana, tutaenderea mwaka kesho."

Fimbo ya Mzee Nyandwi ikapaa. Iliyokuwa fimbo ya kutembelea ikawa fimbo ya vita, na mababu wote wa ukoo, ninaamini, waligeuka upande wa pili makaburini ili wasione. "Siku moja!" akanguruma. "Mke wa ndugu yangu! Mahari ya siku moja!"

"Keti, shemeji," akasema Mama Verediana. Mzee akaketi. Kisha yule mjane akamgeukia kijana, wala hakupaza sauti.

"Sikiliza, Pancha. Mimi nilishatolewa mahari. Ng'ombe wawili na majembe manne, na aliyetoa amelala pale nyuma ya migomba, na kila asubuhi namsalimia kabla ya kuwasha mashine. Sasa niambie mbele ya ndugu yake. Umenidharau kwa lipi?"

Ndizeye alisikia Pancha kwanza, na ikamchoma kama ilivyomchoma siku zote. Halafu akasikia yaliyobaki, akaona ng'ombe, majembe, chungu, kiti cha mshenga kilichoachwa wazi, na jasho likamtoka hadi kwenye makatambuga. Akafungua kinywa kueleza. Lakini ataeleza kwa neno gani, naye neno analo moja tu? Basi shujaa, alipoona ulimi umemsaliti, akafanya walifanyalo mashujaa silaha zikiwaishia. Akalifungua shati lake kwa mikono miwili, vifungo vikaruka.

"Yesu na Maria!" akapiga kelele Secilia, akajifunika kitenge usoni.

"Mahari ndiyo hii hapa!" akalia Ndizeye, akijipiga kidole kwenye mraba wa mkaa. "Hii hapa, Mama! Ya kuandika jina ra mashine yako!"

Mama Verediana akashuka kutoka kwenye gunia, akasogea, akaweka kidole chenye unga katikati ya mraba.

"Mahali," akasema.

"Ndiyo, Mama. Mahari."

"Ma-ha-li."

"Ndiyo hiyo hiyo. Ma-ha-ri."

Mjane akarudi kwenye gunia lake na kuangua kicheko, akacheka hata unga ukapukutika kwenye nyusi, na Secilia aliyemjua siku nyingi alisema hakumsikia akicheka hivyo tangu mazishi. Ni Mzee Nyandwi peke yake aliyebaki na huzuni, akikitazama chungu. "Na hii pombe je?" akauliza. Akaambiwa itanyweka vile vile.

Lakini msidhani vita viliishia hapo. Mama Verediana alipojifuta machozi alirudi kuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara ni adui mgumu kuliko mkwe. Alisema mashine mpya imefunguliwa upande wa Kibimba, na nusu ya wateja wamehamia huko kwenda kuishangaa. Jina linahitaji kutembea, hilo alilikubali. "Ila wewe ulipasuka mbele ya watu. Ukipasuka tena, litakalosukumwa barabarani na kuchekwa ni jina langu. Nikupe jina langu kwa nini?"

Hapo Ndizeye angeweza kurudi kwenye maneno ya Mwalimu, lakini maneno ya Mwalimu yalikuwa yamekwisha. Akasema ya kwake.

"Mama, mwaka jana gari ririkuja kunichukua, nikarikataa. Niritembea mpaka mwisho, watu wanacheka, nikafika. Tairi rinaweza kupasuka, siwezi kukudanganya. Rakini jina rako ritafika. Hata kwa miguu ritafika."

Mama Verediana akamtazama Mzee Nyandwi, naye Mzee, ambaye sasa alikuwa na kibuyu mkononi na moyo mwepesi, akaitikia kwa kichwa. "Nitakupa la nyuma," akasema mjane. "La mbele utalikuta hapa ukirudi. Na fulana niachie. Nitaiandika mwenyewe, wewe usiguse."

Akaiandika kwa rangi nyekundu ya milango, herufi zimenyooka kama alivyofundishwa na masista: MAHALI PA KUSAGA NI KWA VEREDIANA, BUKIRIRO.

Jumamosi ikafika, na Biharamulo ikamwona Ndizeye akishuka kutoka kwenye fuso la ndizi na tairi jipya lenye vinyweleo vyake vyote. Mtanisamehe nisiposimulia kila kilima. Walikuwa waendeshaji thelathini na mmoja, na Ndizeye alikuwa wa tisa. Naam, wa tisa, tena juu ya baiskeli na hewa ndani ya tairi. Alipokaribia mwisho, mtangazaji mwenye kipaza sauti, kijana aliyezaliwa na kukulia nchi ya mapacha wale wale, akakisoma kifua chake kwa sauti iliyofika hadi sokoni: "Na huyu wa tisa anakuja! Mahari! Mahari pa kusaga ni kwa Veredianaaa, Bukiriro!" Watu wakacheka, wakaulizana, naye akarudia mara nne.

Jumatatu foleni ya madebe ilitoka mlangoni mwa mashine hadi barabarani. Walikuja wa Bukiriro, wakaja na wa Kibimba, wakisema wameleta mahindi, lakini macho yao yakimtafuta bibi harusi. Mama Verediana aliwasagia wote, na hakumsahihisha hata mmoja. Tairi la mbele lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, na karatasi imebandikwa: la Ndizeye.

Iandikwe basi katika kumbukumbu za nchi ile, wajukuu wasome: kwamba mwana wa Minani alimwendea mwenye mali akiwa na barua moja na herufi moja isiyo yake, akarudi na matairi mawili. Jioni ya Jumatatu hiyo, akiisha kulichukua la mbele, aliuteremka mlima wa Kirushya na matairi yote mapya, akapita kisimani walipokuwa wamekaa wale wanawake waliomwita Pancha mwaka mzima. Walimwona, wakainuka wote kwa pamoja.

"Mahari!" wakamwita. "We Mahari!"

Naye akaitika.