Ombi la Kuwafukuza Kazi Wajumbe wa Kinga Waliomo Mwilini mwa Binti Yangu

Mheshimiwa Daktari wa Kliniki ya Kisukari,

Mimi ni baba wa yule binti mshona nguo, niliyeganda kwenye benchi lako mpaka mfagiaji akaniinua miguu. Nimekuwa mkuu wa walinzi wa ghala kwa miaka ishirini na miwili, kwa hiyo haya nayaandika kitaalamu.

1. Ulinieleza kwamba mwilini mna wajumbe, saitokini, ambao kazi yao ni kupiga kelele za "Adui!" ili askari wa kinga waje mbio. Kwa binti yangu walipiga kelele, askari wakaja, wakavamia kongosho na kuua seli zinazotengeneza insulini. Adui hakuwepo! Kwangu, mlinzi anayewaita wenzake wampige mtunza stoo hamalizi zamu.

2. Nilipoomba majina ya waliokuwa lindoni, ulicheka. Daktari, mwanangu anajidunga sindano mara nne kwa siku. Sikuona cha kuchekesha.

3. Nimejaribu kuwaonya mwenyewe. Niliinama kwenye kitovu chake nikawasomea kanuni za lindo, zote kumi na saba. Binti akasema, "Baba, niache nimalize pindo la watu." Mteja wake akaondoka na gauni la mkono mmoja.

4. Hivyo naomba uwafukuze wote. Ulidai kwamba bila wao kila kijidudu kipitacho kitamwingia. Hilo nimeshalipanga: nitakaa kando ya cherehani na kipenga, mama yake atapokea zamu ya jioni, na shemeji yangu, ambaye hana shughuli, atamkagua kila anayepiga chafya mlangoni.

5. Ikishindikana, mpe kongosho langu. Limefanya kazi miaka hamsini na sita bila karipio hata moja.

Nisalimie wauguzi wote, mtu wa maabara, na mfagiaji. Mwambie miguu haijambo.

Wako, nikiwa macho,
Baba wa Mshona Nguo

Tanbihi: Barua hii imechelewa siku sita kwa sababu binti alishikwa na homa na kikohozi kibaya, tukamleta kwenu. Muuguzi alimpa dawa, akawa anampima sukari kila mara, kisha akaniambia, "Mzee, joto hilo ni wale wajumbe wanaita askari. Waache wafanye kazi." Nikawaacha. Leo amekula, na ananigombeza kwa kukanyaga kitambaa. Basi usimfukuze mtu. Waliokosea wapewe onyo la maandishi. Waliomponya wiki hii, ambao muuguzi anasema ni walewale, naomba wapandishwe cheo.